Fungu la Karata na Haki ya Jirani

Juma hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hulipita bila kuligusa kwa kudhani kuwa ni la kitoto, nalo ni michezo ya karata za kukusanya na kubadilishana. Tulikuwa miongoni mwa wazazi hao, mpaka jambo hilo lilipoingia nyumbani kwetu na kutufundisha tulichokuwa hatukijui, kuhusu mtoto wetu na kuhusu sisi wenyewe.

Idd iliyopita mjomba wa watoto, anayeishi Leicester, Uingereza, alikuja Tanga kutusalimia. Katika mizigo yake mlikuwa na sanduku la karatasi ngumu lililojaa karata alizozikusanya alipokuwa mwanafunzi, miaka ya mwisho ya 1990. Alisema zimekaa darini muda mrefu bila kazi, na watu wazima wamekwisha kumcheka. Akaligawa sanduku mafungu mawili: moja akampa mwanetu wa darasa la sita, la pili akampa mtoto wa jirani, rafiki yake wa kwenda na kurudi madrasa.

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Ulibuniwa na Richard Garfield, Mmarekani msomi wa hisabati, ukatolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Haufanani na karata zetu za barazani, ambamo watu wote hugawiwa kutoka katika pakiti moja yenye ree, wazungu na magarasa yake. Hapa kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe, alilolipanga nyumbani kwa hiari yake kutoka katika maelfu ya karata zilizokwisha kuchapishwa. Fungu halipungui karata 60, na karata ya jina moja haizidi nne ndani yake, isipokuwa zile za ardhi ya kawaida. Mchezaji huanza na uhai wa alama 20 na karata saba mkononi, na katika kila zamu anaruhusiwa kuteremsha karata moja ya ardhi. Ardhi ndiyo sarafu ya mchezo: kila kiumbe na kila tendo lina bei yake, na bei hulipwa kwa ardhi zilizokwisha kuteremshwa. Rangi ni tano, na kila moja ina ardhi yake: nyeupe hutumia uwanda, buluu kisiwa, nyeusi kinamasi, nyekundu mlima, na kijani msitu.

Sehemu kubwa ya sanduku la mjomba ilikuwa ya toleo liitwalo Mirage, lililotoka mwaka 1996. Masimulizi yake yamewekwa katika bara la kubuni liitwalo Jamuraa, lililochorwa kwa sura ya Afrika. Mwanetu alipoanza kusoma majina alishika tumbo kwa kicheko. Palikuwa na Zuberi, na Rashida, na Hakim. Palikuwa na kiumbe wa kutisha aitwaye Shauku. Palikuwa na wachungaji na simba wa mahali paitwapo Mtenda. Palikuwa na Griffin, yule mnyama wa hadithi mwenye kichwa na mbawa za tai na kiwiliwili cha simba, naye alikuwa wa aina nyingi: wa Mtenda, wa Teremko, wa Unyaro na wa Ekundu. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba huyo wa Ekundu ni karata nyeupe.

Mama yetu, bibi yake, alikuwa ameketi uani akichambua mchele. Mtoto akamwendea na karata mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nimwone huyo uliyemshika ni mdudu gani."

Kwa bahati mbaya ilikuwa karata yenye picha ya jini. Bibi akauweka ungo chini. "Mwanangu," akatuambia sisi, si mtoto, "nyumba hii imesomewa Qur'an tangu enzi za marehemu baba yenu. Mnaingiza majini kwa sanduku?"

Hatukuwa na jibu la haraka, wala hatutaki kulificha jambo hili kwa msomaji. Jina la mchezo lenyewe lina maana ya uchawi, na katika masimulizi yake mchezaji ni mchawi anayepambana na mwenzake. Sihri katika dini yetu imetajwa miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza, na si jambo la kufanyiwa mzaha. Wala bibi hakuwa Mwislamu wa kwanza kuzishuku karata za aina hii: mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuzikataza karata za Pokémon, na mojawapo ya sababu walizozitaja ni kufanana kwake na kamari.

Tulilichukua sanduku mpaka kwa imamu wa msikiti wetu. Alizipekua karata kwa utulivu, kisha akatuuliza maswali badala ya kutupa hukumu. Je, mtoto anaitakidi kuwa yaliyoandikwa humu yana nguvu ya kweli? Je, kuna mali inayowekwa rehani ili mshindi aichukue? Je, mchezo unampitishia Swala au unamzuia na masomo? Je, ndani yake mna matusi, utupu au kuabudiwa kwa asiyekuwa Allah? Akatukumbusha kwamba wanazuoni wametofautiana hata juu ya sataranji, na kwamba katika madhhabu ya Imamu Shafi'i, tunayoifuata wengi wetu wa pwani, imehesabiwa kuwa ni karaha. Akasema kuwa mwenye kuona shaka moyoni na aache, na atakayeruhusu aruhusu kwa masharti na kwa macho yaliyo wazi. Nasi hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Tunaeleza tulivyofanya, na kila mzazi amuulize sheikh wake.

Tuliporudi nyumbani tulimkalisha mtoto, tukapitia karata moja baada ya nyingine. Zile zilizomtia bibi wasiwasi ziliwekwa kando, zikafungwa kwa uzi, zikarudishwa kwa mjomba. Wala si upuuzi kuyatazama majina na picha. Mwaka huohuo wa 1993 kampuni hiyo ilitoa toleo lililotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, na ndani yake mkawa na karata iliyoitwa Jihad. Ilikaa humo miaka mingi. Mwezi Juni 2020 kampuni yenyewe iliiondoa, pamoja na nyingine sita, ikakataza zisitumiwe katika mashindano yake na ikafuta picha zake katika kumbukumbu zake, kwa kukiri kuwa zilikuwa na ubaguzi au udhalilishaji wa watu. Neno ambalo sisi huwafundisha watoto kuwa linaanzia katika kupigana na nafsi, mtoto wa mbali alilisoma kwa mara ya kwanza likiwa jina la karata ya vita. Basi anayesema kuwa ni karata tu, na alifikirie hilo.

Baada ya uchambuzi huo ndipo mwanetu alipotuonyesha fungu lake. Alikuwa amelijenga juu ya mada moja, nayo ni Griffin, wale wanyama wenye majina yanayosikika kama ya nyumbani. Mada ni nzuri, maana humpa mtoto jambo la kulipenda na mpaka wa kuzuia tamaa. Lakini fungu hilo lilikuwa likishindwa kila siku. Rafiki yake, mwenye wanyama wa rangi ya kijani, alimmaliza kabla hajainua mkono.

Tukaketi mkekani na daftari la hesabu. Tulilolikuta ni hili: fungu lilikuwa na karata 82, kwa sababu hakutaka kuiacha hata moja anayoipenda. Shauku alikuwemo, ingawa ni karata nyeusi, kwa ajili ya jina. Hakim alikuwemo, ingawa ni wa buluu, kwa sababu jina hilo lina heshima. Ardhi zilikuwa 20 tu, tena za rangi tatu. Na Griffin wake wa aina zote nne walikuwa na bei moja, yaani ardhi nne kwa kila mmoja. Zuberi, kiongozi wao, ambaye akiwa mezani huwaongezea Griffin wenzake nguvu, ana bei ya ardhi tano.

Hapo penye bei ndipo palipokuwa na ugonjwa. Kwa kuwa huteremshwa ardhi moja tu kwa zamu, jeshi ambalo kila askari wake anagharimu ardhi nne halina la kufanya katika zamu tatu za mwanzo. Ni sawa na mwenye duka anayeweka majokofu tupu rafuni, hana chumvi wala kiberiti, halafu anashangaa mbona wateja hawaji asubuhi. Tena hata hizo ardhi nne hazikuwa zikifika kwa wakati. Ifikapo zamu ya nne, mchezaji aliyeanza huwa ameona karata 10: saba za mwanzo na tatu alizozivuta. Katika fungu la karata 82 lenye ardhi 20, kumi hizo kwa wastani huwa na ardhi zisizofika hata mbili na nusu. Katika fungu la karata 60 lenye ardhi 24, kumi hizo kwa wastani huwa na ardhi nne kamili. Mtoto alipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa sehemu alizofundishwa shuleni: 24 kwa 60 ni mbili ya tano, na mbili ya tano ya 10 ni 4. Akainua kichwa akatutazama kama aliyefunuliwa siri.

Basi tukalipanga upya. Ardhi 24, zote uwanda, maana tuliamua kubaki na rangi nyeupe peke yake. Griffin 13: wanne wa Ekundu ambao huwahi kupiga kabla ya kupigwa, wanne wa Teremko, watatu wa Unyaro wanaojitoa mhanga ili kuzuia pigo la karata nyekundu, na wawili wa Mtenda wanaoweza kumrudisha mwenzao kutoka makaburini. Zuberi mmoja, maana alikuwa na mmoja tu. Kisha tukatafuta askari wa bei ndogo wa kulinda nyumba mapema mpaka wenye mbawa wafike: wachungaji wanne wa Mtenda wenye bei ya ardhi moja, na wapelelezi wanne wa Femeref, mashujaa wanne wa Femeref na wawili wa Zhalfir, wote wa ardhi tatu. Mwisho karata nane za msaada, zikiwamo nne ziitwazo Pacifism. Karata hiyo haimuui adui, humfanya tu asiweze kushambulia wala kuzuia. Bibi alipoelezwa kazi yake alisema kwamba hiyo ndiyo ya kwanza yenye adabu.

Kazi ngumu haikuwa kutia, ilikuwa kutoa. Kumtoa Shauku kulichukua dakika nyingi za mabishano. Tulimwambia mtoto kuwa kila karata ijibu swali moja: unamsaidiaje Griffin kufika, au kukaa, au kushinda? Isiyokuwa na jibu ni garasa, hata ikiwa na picha ya kupendeza na bei kubwa sokoni. Tukampa na kanuni ya pili: acheze michezo kumi, aandike daftarini kila karata iliyokwama mkononi mwake, kisha abadilishe moja au mbili tu, acheze tena. Anayebadilisha kumi kwa mpigo hajui iliyomfaa wala iliyomdhuru. Jambo hili tuliliona likimfaa hata nje ya karata, maana ni mtoto aliyezoea kutaka kila kitu kwa mara moja.

Fungu likaanza kushinda. Tukamsifu, tukajisifu na sisi. Hatukugundua kwamba rafiki yake alikuwa hapiti tena kumwita kwenda madrasa.

Siku ya tatu mama wa mtoto yule alikuja kuazima kinu, na katika mazungumzo akasema kwa upole kwamba mwanawe amekuwa mnyonge, hataki kusema kitu, ila usiku alimsikia akilia kwa ajili ya Zuberi wake. Tulitazamana. Ndipo tulipokumbuka kwamba katika mgao wa mjomba Zuberi hakuwa katika sehemu ya mwanetu.

Mtoto hakukana. Mjomba, katika kusimulia mambo ya zamani, aliwaeleza kuwa mchezo ulipoanza mwaka 1993 palikuwa na kanuni ya dau: kila mchezaji huweka kando karata moja kutoka juu ya fungu lake kabla ya kuanza, na mshindi huzichukua zote mbili. Kanuni hiyo iliachwa zamani, na karata zilizohusiana nayo zikakatazwa katika mashindano. Lakini vijana wetu waliijaribu mara moja, nyuma ya banda la kuku, na katika mara hiyo moja mwanetu, aliyekuwa akishindwa kila siku, akashinda. Karata ya dau ya mwenzake ilikuwa Zuberi.

"Lakini tulikubaliana, baba," alisema. "Hakuna aliyemlazimisha mwenzake."

Hili ndilo neno ambalo kila mcheza kamari hulisema, na lilitoka katika kinywa cha mtoto wa miaka kumi na miwili asiyejua kuwa linaitwa hivyo. Tulimfungulia Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, tukamsomesha maana yake polepole. Humo kamari imetajwa pamoja na ulevi, na imeelezwa kuwa shetani huitumia kutia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuia na kumkumbuka Allah na Swala. Tukamuuliza: rafiki yako amepita kukuita lini mara ya mwisho? Akanyamaza. Makubaliano ya wawili hayahalalishi kilichoharamishwa, na dalili ya uharamu wake ilikuwa imesimama pale kibarazani: njia ya madrasa iliyokuwa ya watoto wawili imekuwa ya mmoja.

Lakini haki itupate na sisi. Tulikaa mkekani na daftari, tukahesabu ardhi na bei, tukamwandika Zuberi katika orodha kwa mkono wetu, wala hatukuuliza kafikaje. Mara ngapi mzazi huona kitu kipya mikononi mwa mtoto, akasifu uzuri wake, akasahau kuuliza chimbuko lake? Tuliangalia hesabu ya karata, tukaiacha hesabu ya haki. Tulimwambia mtoto wazi kuwa kosa ni letu sote, yeye kwa kuchukua na sisi kwa kutouliza.

Baada ya Swala ya Maghrib alikwenda mwenyewe. Tulisimama mlangoni kwetu, naye akavuka uchochoro na karata ndani ya bahasha. Alilia kidogo kabla ya kuondoka, akisema kuwa sasa fungu limekufa, maana jeshi halina kiongozi. Aliporudi tulichukua tena daftari, kwa sababu hesabu nayo ina rehema yake. Tukamuuliza: Zuberi ni mmoja katika karata 60. Ukiona karata 10, unampata mara ngapi? Akapiga hesabu: 10 kwa 60, sita moja. Yaani katika michezo sita, ikifika zamu ya nne, amemwona mara moja. Mara tano fungu limekuwa likipigana bila yeye, na mara nyingi likishinda. "Ulikuwa ukimlilia mgeni," bibi akasema kutoka uani.

Hata angelikuwa na wanne, ambao ndio ukomo unaoruhusiwa, uwezekano wa kumwona angalau mmoja katika hizo kumi ungezidi nusu kwa kiasi kidogo tu, na kanuni hairuhusu mchezaji kubaki na wawili mezani kwa wakati mmoja. Fungu lenye mada bora ni lile ambalo mada yake imebebwa na wengi wa kawaida, wala halisimami wala kuanguka kwa nyota mmoja. Nafasi ya Zuberi ilijazwa na shujaa wa tatu wa Zhalfir, karata 60 zikatimia, na michezo kumi iliyofuata ikaandikwa daftarini kama kawaida. Hakuna aliyeweza kuona pengo.

Ndugu wasomaji, tumeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu karata za namna hii, na nyingine za aina yake, zinazidi kutufikia kupitia jamaa zetu walio Uingereza, Oman na kwingineko, na kupitia simu ambamo michezo hiyohiyo huchezwa bila karatasi. Mzazi atakayeamua kuruhusu ana mambo matatu ya kuyaangalia katika mali.

La kwanza ni pakiti zilizofungwa. Karata hizi kwa kawaida huuzwa katika vifuko ambavyo mnunuzi hajui kilichomo. Kifuko cha Mirage kilikuwa na karata 15, na kwa kawaida adimu ilikuwa moja tu. Mtoto hulipia matumaini, akikosa hununua tena. Mtume (SAW) alikataza mauzo ya gharari, na wanazuoni hutoa mfano wa kuuza samaki aliye bado majini. Hatusemi kwamba kila kifuko kina hukumu moja, hilo ni la masheikh. Tunasema kuwa anayejenga fungu kwa mada hana haja navyo: anaijua karata anayoitaka kwa jina, na anaweza kuinunua hiyo peke yake, kwa bei iliyotajwa, akiiona.

La pili ni kubadilishana. Kubadilishana kitu kinachojulikana kwa kinachojulikana, kwa ridhaa, mkono kwa mkono, ni biashara njema na ni funzo. Lakini isiwe mkubwa anamlaghai mdogo asiyejua thamani. Zipo karata za mwaka 1993 zenye bei ya ajabu. Moja iitwayo Black Lotus iliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola 500,000. Za watoto wetu hazifiki huko, lakini ghishi ni ghishi hata katika shilingi mia. Mwenye kujua amweleze mwenzake kabla ya kupeana.

La tatu ni israfu. Fungu moja lililopangwa kwa hesabu linamtosha mtoto mwaka mzima. Sanduku la mjomba halikutugharimu kitu, na bado lilikuwa na karata nyingi kuliko alizozihitaji. Ustadi ulikuwa katika kuchagua, haukuwa katika kuongeza.

Tumalizie kwa kusema yaliyofuata. Tulitarajia kuwa jirani, kwa kuguswa na karata yake kurudishwa, angeitoa kwa hiari au angekubali kuibadilisha. Hakufanya hivyo, wala hakuwa na wajibu wa kufanya hivyo. Zuberi yumo katika fungu lake la kijani, ambamo hana Griffin hata mmoja wa kumwongoza wala ardhi ya rangi yake, kwa sababu tu anaipenda picha. Mwanetu alimweleza kwamba huyo kwake ni garasa. Mwenzake akamjibu kwamba anajua.

Alasiri ya Ijumaa walikuwa wamejinamia mkekani, kila mmoja na fungu lake, bila dau. Mwanetu alikuwa na uhai wa alama tatu tu, na Griffin wawili tayari kuruka. Adhana ya Alasiri ikaanza. Wakazifunika karata zao kwa kanga ya bibi, wakaenda kutia udhu, na tulipochungulia dirishani tuliwaona wakivuka uchochoro pamoja.

Allah (SW) atuwezeshe kuwalea watoto wetu katika halali, na atupe macho ya kuuliza vitu vinakotoka kabla ya kuvisifu. Aamin. Wabillaahi tawfiq.